Tuambieni ni bakteria gani

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwasemee majirani zangu wa Ujiji, hapa Kigoma, na niisemee kazi niliyoifanya tangu nikiwa msichana hadi nilipostaafu.

Wiki tatu zilizopita, kwenye kisima chetu cha mtaa, kile cha pampu ya mkono kilicho chini ya mwembe, ulipigiliwa ubao wenye maandishi mekundu: MAJI HAYA YANA BAKTERIA. YASITUMIKE. Basi. Hakuna tarehe, hakuna namba, hakuna jina la ofisi wala la mtu wa kuulizwa. Aliyeupigilia alikuja na pikipiki, akaondoka na pikipiki, na sisi tukabaki tunausoma.

Jioni ya siku hiyohiyo kina mama walikuwa wameshahamia ziwani. Wanashuka na ndoo na madumu hadi mwaloni, penye mitumbwi inayoshusha dagaa, penye wanaooga na wanaofua, na wanachota hapohapo. Maji ya Tanganyika ni meupe, kwa macho yanapendeza kuliko ya kisima chetu, ambayo mwezi wa Machi hutoka na rangi ya udongo. Kwa hiyo ubao ule umewatoa watu kwenye maji ya mashaka na kuwapeleka kwenye maji ambayo mimi sina mashaka nayo hata kidogo, maana ya pale mwaloni nimeyapima kwa mikono yangu mara nyingi mno. Najua kilichomo, na si kizuri.

Mjukuu wangu yuko kidato cha pili. Aliusoma ubao, akarudi nyumbani na dumu tupu, akaniuliza: "Bibi, bakteria gani? Mbona maziwa mgando nayo yana bakteria, mwalimu ametufundisha, na tunakunywa?"

Swali hilo ndilo limenifanya nishike kalamu.

Mimi ni fundi sanifu maabara mstaafu. Kwa zaidi ya miaka thelathini nimefungua na kufunga mlango wa inkubeta, yaani kabati la joto la kuoteshea bakteria, nimeosha tyubu, nimehesabu vitone kwenye sahani hadi macho yakauma. Na nasema swali la mtoto huyu ndilo lililowahangaisha wataalamu wa mwanzo wa kazi yetu. Walilijibu zaidi ya miaka mia moja iliyopita. Hakuna sababu ya sisi wa leo kurudishwa nyuma ya pale walipofika.

Mwanzo walijua kuhesabu tu. Mwaka 1881 Robert Koch, daktari wa Ujerumani, aliwaonyesha wenzake mjini London namna ya kuotesha bakteria juu ya kitu kigumu badala ya ndani ya mchuzi. Ukichanganya tone la maji na jelatini ya uvuguvugu, ukaimwaga juu ya kioo ikaganda, kila bakteria anabaki mahali alipoangukia. Anazaa palepale, na baada ya siku mbili tatu unaona kitone kwa macho yako bila hadubini. Vitone hamsini, basi katika tone lile walikuwamo kama hamsini waliokubali kuota. Kabla ya hapo wote walichanganyika chupani kama uji, huwezi kumtenga huyu na yule.

Jelatini ilikuwa na tabu zake. Huyeyuka kabla ya kufika joto la mwili wa mtu. Kwa jua la Kigoma la mwezi wa Septemba ungeikuta imekuwa maji mezani. Aliyeleta dawa ya tabu hiyo ni mwanamke, Fanny Hesse, mke wa daktari aliyekuwa akifanya kazi katika maabara ya Koch. Jikoni kwake alikuwa akigandisha jeli na vyakula vitamu kwa aga, kitu kinachotokana na mwani, na alijifunza hilo kwa jirani aliyewahi kuishi Java. Aga huyeyuka karibu na maji kuchemka, lakini ikishaganda haiyeyuki tena kwa joto la nyuzi 37. Mwaka 1882 Koch akaitaja aga katika taarifa yake ya kifua kikuu, jina la Fanny asilitaje. Mimi nimeichemsha aga maisha yangu yote ya kazi, na kila kijana aliyeletwa kwangu kujifunza nilimwambia imetoka jikoni kwa nani. Mwaka 1887 Petri naye, aliyekuwa msaidizi wa Koch, akaleta sahani ya kioo yenye kifuniko, ile ambayo mpaka leo tunaiita kwa jina lake.

Sasa kuhesabu kunatosha? Hapa naomba nikae kidogo, maana kuna kisa ambacho kila anayepima maji anapaswa kukijua.

Mwaka 1892 kipindupindu kiliingia Hamburg, Ujerumani, kikaua watu wapatao 8,600. Hamburg ilikuwa inachota maji ya mto Elbe na kuyapeleka majumbani bila kuyachuja. Mji wa Altona umegusana nayo kabisa, na tena Altona ilichota chini ya mto, baada ya maji taka ya Hamburg kumwagwa humo. Kwa mawazo ya kawaida Altona ndiyo ingekwisha. Lakini Altona ilikuwa inayapitisha maji yake polepole kwenye matandiko ya mchanga. Ugonjwa ukafika kwenye mtaa wa mpaka ukasimama: upande unaotumia maji ya Hamburg watu wanaumwa, upande wa pili, wanaopumua hewa ileile na kukanyaga udongo uleule, wazima. Wako hata waliokaa ndani ya Hamburg ambao bomba lao lilitoka Altona, na hao walinusurika. Koch alipoyaandika hayo mwaka 1893 akaweka na kipimo: maji yaliyotoka kwenye chujio yasizidi bakteria 100 katika mililita moja.

Kipimo hicho kilifaa kwa kazi yake, yaani kumwambia mwenye chujio kama mchanga wake unafanya kazi au umepasuka. Hakikuwa kipimo cha kumwambia mama wa Ujiji kama anywe au asinywe. Mia moja wa namna gani? Maji ya chemchemi ya porini yanaweza kuwa na mamia wa udongoni ambao hawajawahi kumdhuru mtu. Maji mengine yakawa na thelathini tu, na kati ya hao mmoja ni wa homa ya matumbo.

Ndipo ikaanza kazi ya kuwatambua, na ilikuwa kazi ya macho na subira. Waliangalia kitone kina rangi gani, kingo zake ni laini au zina meno. Waliangalia kama bakteria anayeyusha jelatini akajichimbia shimo, au anakaa juu yake bila kuigusa. Kwa miaka mingi hilo lilikuwa jambo la kwanza la kumgawa huyu na yule. Mwaka 1884 Gram, daktari kutoka Denmark aliyekuwa Berlin, akaja na rangi yake: unapaka zambarau, unatia iodini, unasuuza kwa spiriti. Wako wanaoshika rangi na wako wanaoiachia. Uingereza mtu na mkewe, Percy na Grace Frankland, walikaa wakiwaeleza bakteria wa majini mmoja baada ya mwingine, wakatoa kitabu mwaka 1894. Nawaheshimu sana watu wale. Lakini ukiwa na kisima kimoja na watu mia mbili wanaosubiri jibu, huwezi kumwandikia kila bakteria wasifu wake.

Njia ya mkato ilitoka kwenye nepi za watoto. Mwaka 1885 Theodor Escherich, daktari wa watoto wa kule Munich, alikuwa anachunguza kinyesi cha watoto wachanga, akamkuta bakteria mfupi kama kijiti anayeishi katika utumbo. Leo anaitwa kwa jina lake, Escherichia coli, nasi tunasema E. koli. Wengi wa aina hiyo hawamuumizi mtu. Wewe unayesoma barua hii unao mamilioni kwa mamilioni. Ila nyumbani kwake ni tumboni mwa watu na wanyama wenye damu moto. Ukimkuta kisimani, amekuja na kinyesi. Na kinyesi kikipata njia ya kuingia leo, kesho kwa njia hiyohiyo ataingia wa kipindupindu au wa homa ya matumbo. Ndiyo maana hatukimbilii kumtafuta mwenye kuua. Yeye huwamo kwa uchache, huwamo siku moja na siku nyingine hayumo, na unapompata watu wameshalazwa. Tunamtafuta msafiri mwenzake, aliye wengi na mwepesi kuonekana.

Kumtambua kukawa suala la kumlisha. Mwaka 1893 Mmarekani Theobald Smith alieleza namna ya kuyatia maji kwenye mchuzi wenye sukari na kungoja gesi, kisha kukisia wingi wa bakteria wa kinyesi kwa kuangalia maji kiasi gani yametoa gesi na kiasi gani hayakutoa. Chombo chake kilikuwa cha kioo kilichopindwa, cha tabu kukiosha. Mwaka 1898 Mwingereza Herbert Durham akarahisisha, na urahisi huo ndio nilioulea mimi.

Tyubu ya Durham ni kijibomba cha kioo, urefu wake haufiki kidole cha mwisho, upande mmoja kimezibwa. Unakitumbukiza kifudifudi ndani ya tyubu kubwa yenye mchuzi wa sukari ya maziwa. Mwanzo kinaelea, kina hewa. Ukiweka kwenye autoklevu, chungu cha mvuke cha kuua vijidudu, nyuzi 121 kwa dakika 15, hewa inatoka, na vikipoa mchuzi unapanda na kukijaza pote. Sasa unatia maji ya kisima, unaziba, unaweka inkubeta. Kesho yake unafungua mlango na kuinua kisanduku kuelekea dirishani. Kama aliyekuwamo anaila sukari ile na kutoa gesi, utakuta juu ya kijibomba kiputo, mara nyingine kikubwa kama punje ya mchele, mara nyingine kijibomba kizima kimejaa na kimenyanyuka. Kama hamna kiputo, unagonga taratibu kwa ukucha, unaangalia tena. Nimefanya hivyo kila asubuhi kabla ya chai. Kuviosha ndiko kulikokuwa adhabu: sindano na maji ya moto, kimoja kimoja, mia mbili kwa siku, na kimoja kikibaki na uchafu kitakudanganya.

Tulitia tyubu tano za maji mililita 10, tano za mililita 1, tano za mililita 0.1. Ukihesabu ngapi zimetoa gesi katika kila safu unaingia kwenye jedwali, ambalo hesabu yake ilifafanuliwa na McCrady mwaka 1915, unapata wingi unaoelekea kuwa wa kweli katika mililita 100. Tano za kwanza zote zimetoa na nyingine hazikutoa, jedwali letu lilisema 23. Hiyo ni namba ambayo mtu anaweza kuambiwa. Naye MacConkey, mtaalamu wa bakteria wa Liverpool, alikuwa ameshaonyesha kwamba ukitia chumvi za nyongo, wengi wasiozoea tumbo wanashindwa kuota, na kwenye aga yake yenye sukari ya maziwa na rangi, E. koli hutoka mwekundu waridi na wa homa ya matumbo hana rangi.

Bado kwetu sisi wa nchi za joto kulikuwa na kazi moja. Udongo wetu una joto, mvua na majani yanayooza, na wapo bakteria wanaoishi humohumo wakatoa gesi kwenye nyuzi 37 kama wale wa tumboni. Ukiishia hapo utavifunga visima vyote vya Mkoa wa Kigoma. Christiaan Eijkman, Mholanzi aliyekuwa amefanya kazi Java miaka mingi, alisema mwaka 1904 tupandishe joto: aliotesha kwenye nyuzi 46, mahali ambapo wa tumboni anaendelea kutoa gesi na wengi wa udongoni wanashindwa. Baadaye ikashuka kuwa 44. Nyuzi hizo saba, kutoka 37 hadi 44, ndizo zinazotenganisha udongo na choo. Nakumbuka usiku ambao umeme ulikatika, nikakaa na jiko la mafuta ya taa chini ya beseni la maji na kipimajoto mkononi, nikilishusha na kulipandisha hadi alfajiri lisipite 44 wala lisishuke, kwa sababu tyubu zilizokuwamo zilikuwa za kisima cha shule na wazazi walikuwa wanangoja.

Kwa hiyo ubao unapoandika "bakteria" peke yake, mimi nauliza: ni hesabu ya jumla kama ya Koch? Ni wa nyuzi 37? Ni wa 44? Ni E. koli mwenyewe? Haya ni majibu manne tofauti, na kila moja lina la kufanya lake. Shirika la Afya Duniani linasema katika mililita 100 za maji ya kunywa asionekane E. koli hata mmoja. Nalikubali hilo kabisa. Sisemi kisima chetu ni kisafi. Choo cha shimo cha nyumba ya jirani kiko hatua kama kumi na mbili kutoka hapo, sakafu ya pampu ina ufa, na maji ya mvua yanaingia kwenye ufa ule nikiyaona. Inawezekana kabisa kina kinyesi. Ndiyo maana nataka kuambiwa.

Nina jambo jingine, na hili linaniuma zaidi. Siku sampuli ilipochukuliwa nilikuwa barazani. Kijana alitoa chupa tupu ya maji ya kununua, akaisuuza kwenye ndoo ya mtoto aliyekuwa anachota, akapampu mara mbili, akakinga, akaziba kwa kidole gumba wakati anatafuta kifuniko. Akaitia kwenye begi mgongoni. Ilikuwa saa saba mchana, jua la utosi. Nilimwita, "Mwanangu, hebu njoo," akanipungia mkono kwa adabu, akawasha pikipiki.

Simlaumu yeye, hakufundishwa. Lakini sampuli ile, hata ingepelekwa kwenye mashine ya gharama namna gani, ilikuwa inapima ndoo, kidole na jua. Sisi tulifundishwa na kuchapwa kwa maneno makali: chupa iliyotoka autoklevu, usiifungue mpaka dakika ya mwisho, pampu maji yatoke dakika kadhaa, choma mdomo wa bomba kwa moto wa pamba yenye spiriti, kinga, acha nafasi kidogo juu, funga, weka kwenye barafu, ifike maabara ndani ya saa sita, na ikishindikana kabisa isizidi saa 24. Kama ni maji yenye klorini, ndani ya chupa kuwe na thiosalfeti ya kuizima, la sivyo klorini itaendelea kuwaua njiani na utapata jibu zuri la uongo. Kwenye chupa iandikwe mahali, siku, saa, na nani amechukua. Bakteria wanazaa njiani na wanakufa njiani. Chupa iliyoshinda juani haina habari tena ya kisima.

Wako watakaosema mama huyu anadai mambo ya zamani, siku hizi kuna vipimo vya haraka. Vipo, na vingine ni vizuri, nimevitumia mwishoni mwa kazi yangu. Karatasi laini ya kuchujia mililita 100, unaiweka kwenye sahani, kesho unahesabu vitone: ni kazi safi kuliko tyubu zangu. Lakini kipimo hicho nacho kinajibu swali lilelile, aina gani na wangapi, na jibu hilo likishapatikana lifike kwenye ubao.

Tumeshaona hapa Kigoma mambo yanapokuwa makubwa. Mei 2015 wakimbizi kutoka Burundi walipofurika Kagunga, kijiji cha wavuvi kilichobanwa kati ya mlima na ziwa, kipindupindu kiliwakuta pale, na sisi wa mjini tuliiona meli ya Liemba ikishusha watu wasio na nguvu ya kusimama. Wakati kama ule unamtafuta mwenye kuua kwa jina. Njia yake nayo ni ya kale: maji ya peptoni, chakula cha bakteria, yenye magadi, ambayo wataalamu waliyatumia tangu miaka ya 1880 na 1890. Bakteria wa kipindupindu anapenda magadi na anapenda hewa, basi ndani ya saa sita hivi anapanda na kutanda juu kama utando mwembamba, nawe unachota palepale juu kwa kijiti cha waya. Koch alikuwa amemkuta Calcutta mwaka 1884 kwenye maji ya bwawa ambalo watu walilinywea na kulifulia. Mwaloni kwetu watu wanakunywa na kufulia mahali pamoja mpaka asubuhi ya leo, na ubao mwekundu umewaongeza.

Ninachoiomba ofisi inayohusika, ambayo siitaji kwa sababu nataka kazi ifanyike na sitafuti ugomvi, ni irudi Ujiji ichukue sampuli upya kama inavyotakiwa. Jibu likija, liandikwe kwa Kiswahili cha kila mtu: maji haya yalichukuliwa siku fulani, katika mililita 100 wameonekana E. koli kadhaa, au hakuonekana hata mmoja, E. koli maana yake kinyesi kimeingia. Chemsha mpaka yatokote au tia dawa ya klorini mpaka tutakapotangaza tena. Msichote ziwani, huko ni pabaya zaidi. Mwenye swali ampigie fulani. Ubao wa ukubwa uleule unatosha maneno hayo. Na ufa wa sakafu ya pampu uzibwe hata kabla ya jibu, mfuko mmoja wa simenti unatosha, vijana wa mtaa wameniahidi nguvu zao.

Wakija, waje asubuhi kabla jua halijapanda, na waniite. Nina kopo la spiriti, nina pamba na koleo la kushikia moto. Kisima kiko chini ya mwembe, ng'ambo ya barabara na baraza yangu, na saa kumi na mbili huwa nimeshaamka.

Fundi sanifu maabara mstaafu,
Ujiji, Kigoma